Sauti Yako Itafika Usikofika

(Mazungumzo ya redio. Masomo: Mhubiri 11:1-6 na Matendo ya Mitume 14:8-18)

Popote ulipo wakati huu, jikoni karibu na moto, shambani kwenye majani chai, au ndani ya matatu ukielekea Molo, karibu tuketi pamoja kwa dakika chache tulitafakari Neno la Mungu.

Siku moja ya soko kijana mmoja wa kwaya alinijia. Ni kijana mwenye sauti nzuri, na gitaa analijua. Siku za juma hupakia viazi katika malori, yale magunia ya lumbesa yanayompinda mtu mgongo kabla ya uzee wake. Akaniambia, "Pasta, naomba ruhusa niache kwaya." Nikamwuliza sababu. Akasema, "Wenzangu wamekwenda Nairobi, na huko wanasikika. Mimi huku Kuresoi namwimbia nani? Naimbia viazi na ukungu."

Sikumjibu upesi, maana swali lake si la waimbaji peke yao. Ni swali la mwalimu anayefundisha shule iliyo mwisho wa barabara. Ni swali la mama anayewakusanya watoto wa shule ya Jumapili chini ya mti, mvua ikinyesha wanatawanyika, na juma lijalo anawakusanya tena. Ni swali la mzee anayepanda miti ambayo hatakaa kivulini pake. Kila mmoja wao hujiuliza usiku: nani ananiona? Kazi yangu itafika wapi?

Leo nataka tulijibu swali hilo kwa habari ya mwanamuziki mmoja. Yeye hakuwahi kukanyaga Afrika. Lakini jina lake liliimbwa si mbali na hapa kwetu, na watu ambao hakujua kwamba wapo duniani.

Ukitoka Kuresoi na kushuka upande wa machweo, ng'ambo ya msitu wa Mau, utafika katika nchi ya chai ya Kericho na Bureti. Huko kuna mahali paitwapo Kapkatet. Mwaka 1950 alifika huko mtu mmoja aitwaye Hugh Tracey, mzaliwa wa Uingereza, akiwa na mashine za kunasa sauti. Mtu huyu alizunguka nchi nyingi za Afrika akizinasa nyimbo za wenyeji, kwa kuwa aliona kwamba zisipohifadhiwa zitapotea pamoja na wazee.

Wakipsigis wakamwimbia. Kati ya nyimbo walizomwimbia, tatu zilikuwa na jina moja la ajabu: Chemirocha. Wanaume waliimba wakipiga chepkong, kile chombo chetu cha nyuzi kinachofanana na kinubi cha Daudi. Kisha wasichana, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakaimba Chemirocha wao kwa sauti nyembamba, tamu, inayorudia na kurudia kama maji ya kijito.

Chemirocha huyu alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani. Santuri zake zilikuwa zimefika katika nchi ya Wakipsigis, zikapigwa katika gramafoni, na watu wakastaajabia sauti ile. Ulimi wa Kikipsigis ukalitwaa jina lake na kulifanya lake: Jimmie ikawa Chemi, Rodgers ikawa rocha. Tracey aliandika kwamba wale wasichana walimwaza kuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu paa. Katika wimbo wao walimwalika aje acheze nao, tena acheze kwa nguvu, hata kama suruali yake itamvuka!

Sasa, ndugu msikilizaji, hebu tumtazame mtu huyu kama alivyokuwa kweli, si nusu paa bali mtu mzima, mwenye taabu kama zetu.

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, karibu na mji wa Meridian katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Baba yake alikuwa msimamizi wa kikundi cha watengenezaji wa njia ya reli, na kijana huyu akakulia relini. Aliwapelekea maji wafanyakazi, ambao wengi wao walikuwa watu Weusi. Watu hao walifanya kazi wakiimba, ili mikono yao yote iinue chuma kwa pigo moja. Baadaye naye akaajiriwa katika garimoshi, akawa mshika breki.

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Siku zile huko Mississippi kulikuwa na sheria za kumtenga mtu Mweusi na mtu Mweupe. Mtoto wa Kizungu hakutazamiwa kujifunza kitu chochote kwa kibarua Mweusi. Lakini Jimmie alisikiliza. Alipoanza kuimba, watu walisikia ndani ya nyimbo zake ile huzuni na uvumilivu wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 1930, alipokuwa amekwisha kuwa mtu mashuhuri, alirekodi wimbo mmoja pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta Mweusi, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule. Ni haki tuseme pia kwamba wale vibarua waliomfundisha bila kujua hawakupata fungu katika sifa yake wala katika fedha zake. Dunia huwasahau walimu wa namna hiyo. Sisi tusiwasahau.

Kijana unayetafuta kazi au ufundi, usichague mwalimu kwa viatu vyake. Yule mzee wa Kiogiek anayeujua msitu, yule mama anayechagua mbegu za viazi kwa kuzitazama tu, yule fundi anayetengeneza pikipiki kando ya barabara, hao wote wana chuo vichwani mwao. Apolo alikuwa mtu msomi, hodari katika Maandiko, lakini alikubali kufundishwa nyumbani na Prisila na Akila, ambao kazi yao ilikuwa kushona mahema. Habari hiyo imo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 18.

Somo la pili latoka katika ugonjwa. Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 27, Jimmie Rodgers aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Wakati ule madaktari hawakuwa na dawa ya kuuponya ugonjwa huo. Dawa ya kwanza yenye nguvu, iitwayo streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943, na kwake ilikuwa imechelewa miaka 10. Kazi ya reli ilitaka kifua chenye nguvu, naye hakuwa nacho tena. Ikambidi aiache kazi aliyoijua tangu ujana, akiwa na mke na mtoto wa kulisha.

Mlango ukafungwa. Lakini katika kufungwa kwake ndipo aliposhika kwa bidii kile kilichobaki mkononi mwake, yaani gitaa na sauti. Sisemi kwamba Mungu alimtia ugonjwa ili aimbe; hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Nasema kwamba mtu aliyepoteza kazi moja hajapoteza kila alichopewa. Bwana alimwuliza Musa jangwani ana nini mkononi mwake. Ilikuwa ni fimbo tu ya mchungaji wa mifugo, nayo ilitosha.

Na hapa, ndugu, niruhusu niseme neno la mwili kabla sijarudi kwenye neno la roho. Kifua kikuu bado kipo katika nyumba zetu za baridi zilizojaa moshi. Lakini leo hii ugonjwa huu unatibika, na katika hospitali na zahanati za serikali dawa zake hutolewa bure. Ukiwa na kikohozi kisichokwisha, ukitoka jasho usiku na kupungua mwili, usikae nyumbani ukingoja, wala usifiche kwa aibu. Nenda upimwe makohozi. Na ukipewa dawa, zinywe zote mpaka mwisho, hata ukijisikia umepona. Jimmie Rodgers alikufa kwa kukosa dawa ambayo wewe unaweza kuipata bila malipo. Kuikataa si imani.

Somo la tatu ni hili: usingoje kuitwa, na ukiachwa peke yako, imba peke yako. Mwezi wa Julai 1927 mtu mmoja aitwaye Ralph Peer, wa kampuni ya santuri ya Victor, alifika katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, akitafuta waimbaji wa vijijini. Jimmie alikwenda huko pamoja na wenzake wa bendi. Kabla ya siku yao ya kurekodi, wakagombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri. Wenzake wakamwacha, wakaenda kurekodi kivyao.

Ni wangapi kati yetu tumeona kwaya ikivunjika kwa sababu ya jina? Ni vikundi vingapi vya akina mama na vyama vingapi vya ushirika vimekufa kwa sababu ya kugombania nani atakaa kiti cha mbele? Jimmie hakurudi nyumbani akinung'unika. Tarehe 4 Agosti 1927 aliingia chumbani peke yake na gitaa lake, akaimba nyimbo mbili. Alilipwa dola 100. Santuri ile haikuleta sifa kubwa. Basi mwezi wa Novemba mwaka huo huo akafunga safari hadi New York bila kuitwa na mtu, akamwarifu Peer kwamba yupo, tayari kurekodi tena. Wakarekodi katika mji wa Camden, jimbo la New Jersey. Mojawapo ya nyimbo za siku hiyo ndiyo iliyompa jina. Aliimba kwa ule mtindo wa kuirusha sauti ghafula kutoka kifuani mpaka juu kichwani, kama mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Santuri hiyo ilinunuliwa kwa mamia ya maelfu.

Somo la nne ni la fedha, nalo ni somo la onyo. Sifa ilipokuja, fedha zikaja, na fedha zilipokuja, zikatoka. Mwaka 1929 alijijengea jumba kubwa katika mji wa Kerrville huko Texas, mahali palipokuwa na hewa nzuri kwa wagonjwa wa kifua. Mwaka huo huo uchumi wa Marekani ukaanguka, na watu wakakosa fedha za kununua santuri. Gharama za madaktari zikazidi. Jumba likauzwa. Aliishi humo muda mfupi tu.

Alikuwa mkarimu, hilo tumpe. Mwaka 1931 alisafiri pamoja na mchekeshaji Will Rogers wakikusanya fedha za Msalaba Mwekundu kwa ajili ya watu waliopatwa na ukame. Lakini ukarimu si badala ya hesabu. Bwana wetu, katika Luka mlango wa 14, alitufundisha kwamba mwenye kutaka kujenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama. Mkulima wa Kuresoi anayeuza viazi wakati bei iko juu, naye akanunua pikipiki tatu kwa mkopo, na aketi ahesabu. Bei ya viazi haikai juu mwaka mzima, nanyi mnajua.

Somo la tano ndilo lililonigusa zaidi. Mwezi wa Mei 1933 Jimmie Rodgers alijua kwamba wakati wake umekaribia. Alisafiri tena hadi New York ili arekodi nyimbo, kusudi mke wake na binti yake wapate kitu cha kuwasaidia. Alikuwa dhaifu mno. Katika chumba cha kurekodi aliwekewa kitanda kidogo. Aliimba wimbo mmoja, akalala kupumzika, akaamka akaimba mwingine. Mara ya mwisho aliimba tarehe 24 Mei. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Mei 1933, alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Simweki mbele yenu kuwa mtakatifu. Aliimba mambo mengi ya dunia, na maisha yake yalikuwa na kasoro zake. Lakini yeye alifanya kazi aliyoweza wakati ulipokuwa bado mchana. Mwokozi wetu alisema jambo hilo katika Injili ya Yohana, mlango wa 9: mchana ni wa kazi, na usiku waja ambao hakuna awezaye kufanya kazi. Sisi wenye afya, tunaoahirisha wema mpaka mwaka ujao, na tutazame kile kitanda kidogo kando ya mashine.

Sasa, wasikilizaji wapenzi, turudi Kapkatet. Kutoka kifo cha Jimmie Rodgers mpaka siku ile ya mwaka 1950 ilipita miaka 17. Mwimbaji alikuwa kaburini, lakini sauti yake ilikuwa imevuka bahari, ikapanda milima yetu, ikaingia katika wimbo wa wasichana ambao hawakujua lugha yake. Yeye alipoimba akikohoa, hakuwaza kwamba kuna chai ya Kericho, wala chepkong, wala Chemutoi. Aliimba tu, kisha sauti ikaenda isikotumwa.

Wala habari haikuishia hapo. Wale wasichana waliimba kwa muda mfupi tu, kisha wakarudi kwenye kuni na maji yao. Tracey akaondoka na sauti zao. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika Kusini. Kutoka huko wimbo wa wasichana wa Kapkatet ulisikika Ulaya na Marekani. Baada ya zaidi ya miaka 60, watu wa maktaba hiyo pamoja na wenzao walifunga safari, wakairudisha sauti ile Kapkatet kwenyewe, ili wenyeji waisikie. Wimbo uliotoka kwao ukarudi kwao ukiwa umeizunguka dunia.

Tazama basi. Mmarekani hakujua kwamba Wakipsigis wanamsikia. Wakipsigis hawakujua kwamba Wamarekani watawasikia. Mhubiri, katika mlango wa 11, anatufundisha tuutupe mkate wetu juu ya maji, maana baada ya siku nyingi utaonekana. Anatuambia pia tupande asubuhi na jioni tusiuzuie mkono, kwa kuwa hatujui ni mbegu ipi itakayofanikiwa. Mpanzi hakupewa ramani ya mavuno. Alipewa mbegu na asubuhi.

Lakini, ndugu zangu, neno hili lina upande wa pili, nami singekuwa mchungaji mwaminifu kwenu nikiuficha. Kama sauti njema hufika usikofika, sauti mbaya nayo hufika.

Wasichana wa Kapkatet walimsikia mtu ambaye hawajamwona, wakamfanya nusu mtu na nusu mnyama. Walifanya hivyo kwa furaha, wakamwalika kucheza. Katika mji wa Listra watu walimwona Paulo akimponya kiwete, wakamfanya yeye na Barnaba miungu, wakataka kuwachinjia ng'ombe. Mitume wakayararua mavazi yao na kupaza sauti kwamba wao ni wanadamu wenye hali moja na wao. Mara nyingi mwanadamu hukosea hivi: asiyemjua humpandisha awe mungu, au humshusha awe mnyama.

Na sisi wa Kuresoi tulifanya nini? Mwaka 1992, na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, sauti zilipita katika vilima hivi. Wengine waliinong'ona porini, wengine waliipaza katika mikutano, na nyingine zilipita hewani kwa redio na simu. Zilituambia kwamba jirani yetu, Mkikuyu, au Mkalenjin, au Mkisii, si mtu kamili. Nusu mtu, nusu mnyama. Tulikuwa tumekopeshana jembe na mtu huyo. Watoto wetu walikuwa wamekaa dawati moja. Hata hivyo tuliiamini sauti kuliko macho yetu, na nyumba zikateketea. Yakobo, mlango wa 3, alisema ulimi ni moto, na kwamba cheche ndogo huwasha msitu mkubwa. Sisi hatuhitaji mfasiri wa mstari huo. Tumekaa ukingoni mwa msitu, na majivu tumeyaona.

Mwaka ule ule wa 1950, wasichana wa Kapkatet walipokuwa wakiimba, hapa Olenguruone serikali ya mkoloni ilikuwa ikimaliza kuwafukuza Wakikuyu waliokuwa wamekaa huko, na kuwapeleka Yatta, nchi ya ukame. Nao pia waliimba wakiondolewa. Nyimbo zao hazikukaa katika santuri pamoja na zile za Kapkatet. Lakini Mungu aliyesema kwamba damu ya Habili inamlilia kutoka ardhini husikia pia wimbo usio na mashine ya kuunasa. Katika ardhi hii ya Kuresoi yeye husikia nyimbo za kila kabila, na vilio vya kila kabila, wala hachanganyi hesabu.

Basi, msikilizaji, leo una mashine ya kunasa sauti mfukoni mwako. Simu yako inaweza kuipeleka sauti yako Kapkatet, Mombasa na Marekani kabla uji haujapoa. Kabla hujaituma sauti hiyo, jiulize: huyu ninayemsema nimemwona? Nimekula naye? Au ni Chemirocha wangu tu, nimemtengeneza kwa maneno ya watu? Afadhali kosa la wale wasichana, waliomwalika mgeni wao aje acheze, kuliko kosa letu sisi tuliomfukuza jirani.

Mwishowe nirudi kwa kijana wangu wa kwaya. Juma lililofuata nilimkuta kwenye malori, gunia begani. Nikangoja alitue. Nikamsimulia habari hizi, kwa ufupi kuliko nilivyowasimulia ninyi. Nikamwambia, "Mwanangu, kama Bwana anakuita kwenda Nairobi, nenda, nami nitakuombea. Lakini usiende kwa sababu unadhani huku hakuna anayesikia. Wale wasichana waliimba Kapkatet, si New York."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kama sauti yangu haitafika popote, Pasta?"

Nikamjibu yale ninayoyaamini. Jimmie Rodgers alisikika na watu wengi, lakini asubuhi ya tarehe 26 Mei 1933 wengi hao hawakuweza kumwongezea pumzi hata moja. Mwisho wa yote, kuna sikio moja linalotosha. Daudi aliimba kondeni, kondoo tu wakimsikiliza, lakini Bwana alikuwa amekwisha kumwona kabla Samweli hajafika na pembe ya mafuta. Anayemwimbia Mungu kati ya viazi na ukungu hajaimba bure, hata wimbo wake usipovuka kijito cha pili. Ukivuka, ni neema. Usipovuka, umesikiwa tayari.

Sijui ataamua nini. Jumapili iliyopita alikuwepo, akapiga gitaa. Mimi nimepanda; kutia maji na kukuza ni kazi ya Mwingine.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe unayesikia kabla hatujaita, tunakushukuru kwa kila sauti uliyoiumba. Utufundishe kujifunza kwa wanyonge, kufanya kazi wakati ungali mchana, na kuhesabu siku zetu na fedha zetu kwa hekima. Uwaponye wagonjwa wa kifua katika nyumba zetu, uwape moyo wa kutafuta tiba. Uzilinde ndimi zetu, tusimfanye mtu yeyote mnyama wala mungu. Uiponye Kuresoi, Ee Bwana, vilima vyake na watu wake wa kila lugha. Na wale wanaofanya kazi yako mahali pasipo na macho ya watu, uwajulishe leo kwamba umewasikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.